Miaka Arobaini na Moja ya Kuwanyima Ng'ombe Mahindi

Leo, Jumamosi tarehe 31 Januari 2026, Bwana Hilmar Kott anastaafu rasmi baada ya kuitumikia Ranchi ya Bode, wilayani Llano, Texas, kwa miaka arobaini na moja. Aliajiriwa kuchunga ng'ombe. Anaondoka akiwa mchunga ng'ombe, mlishaji wa kulungu, fundi wa seng'enge, mwokoaji wa magari yaliyonasa mtoni na, kwa kauli yake mwenyewe, mcheza domino bora kuliko wote upande huu wa mto. Hilo la mwisho tumelichapisha kwa ajili ya amani tu, wageni wasilitilie maanani.

Aliyeombwa kuandika wasifu huu ni Estela Frausto, mpishi wa kambi ya wawindaji, ambaye amempikia Hilmar kifungua kinywa kwa misimu mingi na amemwona akiwa na njaa, akiwa na hasira na akiwa amelowa. Mpishi huyu anaahidi kusema kweli, isipokuwa pale ambapo kweli itamchosha msomaji.

Hilmar ni mwana wa mchonga mawe. Baba yake alikata mawe ya matale machimboni, na ilitarajiwa kwamba kijana naye angeshika nyundo. Lakini mwaka 1985 marehemu Otto Bode, mwenye ranchi, aliomba msaidizi wa wiki moja tu wa kuwapiga ndama chapa, Hilmar akaja na begi dogo. Wiki ikaisha, hakuna aliyemwambia aondoke, naye hakuuliza. Alimwoa Darlene, binti wa mchungaji wa Kilutheri, wakajengewa nyumba karibu na kisima cha pampu ya upepo, na hapo ndipo wanapoishi hadi leo.

Ng'ombe wa Otto walikuwa wekundu wenye nyuso nyeupe, na Hilmar aliwapenda kupita kiasi tangu siku ya kwanza. Akawa na tabia ya kuwapa majina ya shangazi zake. Shangazi Hulda, ng'ombe, alikuwa mpole na mwenye maziwa mengi. Shangazi Frieda alipenda kusimama kivulini peke yake. Shangazi Olga alikuwa na pembe ndefu zilizopinda mbele, na kila alipotaka kwenda alikwenda. Shangazi Olga mwenyewe, wa kanisani, yuko nasi leo kwenye meza ya mbele akiwa na umri wa miaka tisini na miwili, naye anaombwa aichukulie kuwa heshima.

Sasa, anayeifahamu ranchi hii anajua kwamba ina wapangaji wa aina mbili, na kwamba hawapatani. Ng'ombe wanakula nyasi mwaka mzima. Wawindaji wanakodi haki ya kuwinda kulungu, wanajenga vibanda vyao vya mbao kwenye nguzo, na mbele ya kila kibanda wanasimamisha pipa la mahindi lenye miguu mitatu. Chini ya pipa kuna mota ndogo inayojiwasha asubuhi na jioni na kuyatawanya mahindi pande zote. Kulungu husikia, huja, hula. Tatizo ni kwamba ng'ombe nao husikia. Na ng'ombe aliyejaza tumbo mahindi makavu huvimba ubavu wa kushoto na anaweza kufa kabla daktari wa mifugo hajafika, kwa hiyo jambo hili halikuwahi kuwa ugomvi wa wawindaji peke yao. Hilmar alikuwa na sababu zake za kutaka mahindi yale yasiguswe na ng'ombe.

Jaribio la kwanza lilikuwa seng'enge. Ng'ombe waliiegemea kwa upole, siku baada ya siku, mpaka nguzo zikalala. Jaribio la pili lilikuwa waya wa umeme wa jua, na huo ulifanya kazi vizuri sana. Ulifanya kazi vizuri pia siku Hilmar alipoushika kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye mlango wa pikapu, ili kuthibitisha kwamba umeme haupo. Kofia yake ilipatikana ng'ambo ya kijito. Mpaka leo anasema aliruka kwa hiari. Jaribio la tatu lilikuwa kulining'iniza pipa juu ya mwaloni, na matokeo yake ni kwamba ng'ombe walijifunza kulala chini ya mwaloni na kusubiri.

Jaribio la nne ndilo lililomletea sifa. Alizungushia pipa paneli za chuma, zile nzito zinazotumika kujengea mazizi. Mara ya kwanza aliuweka uzio mdogo, wa kubana, na wawindaji wakakaa wiki nzima vibandani wakiwaangalia kulungu waliosimama nje ya paneli na kuyatazama mahindi kama watu waliokuta duka limefungwa. Kulungu haruki kuingia mahali ambapo haoni nafasi ya kuruka kutoka. Hilmar akaling'oa lile zizi, akalipanua mara mbili, akakata paneli ziwe za kimo cha paja la mtu. Kulungu wakaanza kuingia na kutoka kana kwamba hakuna kitu. Ng'ombe wakafika, kifua kikagonga chuma, wakasimama. Alibaki Shangazi Olga, ambaye aliingiza pembe chini ya paneli na kuiinua kama mtu anayefunua sufuria. Hilmar akasogeza nguzo karibu zaidi, akazifunga paneli kwa waya juu, kati na chini, na kila uzio akauwekea lango dogo la kupitishia magunia.

Watu wa ranchi za jirani walikuja kuangalia. Hilmar aliwapokea mikono ikiwa mifukoni, akisema ni vitu vidogo tu, kisha akawaeleza vile vitu vidogo mpaka chakula cha mchana.

Kuna kazi nyingine aliyoifanya kwa moyo wote, nayo ni kuwafundisha wawindaji adabu ya malango. Hili halikuanza kwa mzaha. Miaka ya nyuma, mwezi wa Agosti, mwindaji mmoja mwenye roho nzuri alikuja kurekebisha kibanda chake, akakuta lango la malisho limeachwa wazi, akadhani kuna aliyesahau, akalifunga. Lango lile lilikuwa njia ya ng'ombe kwenda kwenye maji. Hilmar aliwakuta kesho yake wamebanana pale langoni ulimi nje, na ndama mmoja alikuwa amekwisha kufa. Hakumgombeza mtu. Ila tangu msimu uliofuata, kila jioni ya kuamkia siku ya kwanza ya uwindaji, alipanda nyuma ya pikapu yake mbele ya kambi nzima na kutoa hotuba ambayo wengi waliomo humu ndani wanaweza kuitoa wakiwa usingizini.

"Lango ukilikuta wazi, liache wazi," alikuwa akisema. "Ukilikuta limefungwa, lifunge tena. Usianze kufikiri. Kufikiri niachieni mimi."

Wawindaji wapya walicheka. Waliozoea waliitikia amina. Na kwa kweli waliitii ile kanuni, matajiri na wasio matajiri, kwa sababu Hilmar aliwahi kumrudisha mwanasheria mzima kutoka barabara kuu aje afunge lango.

Hayo yote ni ya kufurahisha. Lililofuata halikumfurahisha mtu. Majira ya baridi ya mwaka juzi ukame ulikuwa mkali, nyasi zikaisha, na ng'ombe wenye njaa hawaogopi chuma. Waliuvunja uzio wa mapipa matatu. Mmoja wao, Shangazi Frieda, alikula mpaka akafa. Wawindaji wakalalamika kwamba wamelipia kuona kulungu na wanaona ng'ombe, na kiongozi wao, Bwana Royce Tidwell, daktari wa meno kutoka Houston, akasema wazi kwamba jirani ana ardhi nzuri isiyo na mfugo hata mmoja. Watoto wa Bi Leona, mjane wa Otto na mwenye ranchi hii, wakampigia simu mama yao kutoka Austin kumshauri auze ng'ombe abaki na wawindaji.

Mwezi wa Machi mwaka jana Bi Leona alimwita Hilmar jikoni kwangu. Hakumzungusha.

"Hilmar, ng'ombe wakivunja uzio wa pipa hata mmoja msimu ujao, nawapeleka wote mnadani," alisema. "Siwezi kukaa kila mwaka nikigombana na pande zote mbili."

"Nimekusikia, Bi Leona," akajibu Hilmar.

Alikuwa astaafu mwezi uliofuata. Darlene alikuwa amekwisha kununua viti viwili vya kukalia barazani. Hilmar akaomba msimu mmoja zaidi. Alimweleza Darlene kwamba hawezi kukaa kwenye kiti hicho na kuyaangalia malisho matupu, na Darlene, ambaye si mwepesi wa kumsifia mumewe, alimwambia mpishi huyu kwamba hapo mzee alisema kweli.

Kiangazi chote Hilmar alikitumia kwenye zile paneli. Kila nguzo aliitikisa, na iliyotikisika aliing'oa akaipigilia upya kwenye mwamba kwa nyundo ya marehemu baba yake. Alirudi jioni mikono imejaa malengelenge, akala, akaenda kulala. Chon Tovar, aliyekuwa akimsaidia, alisema alijaribu kumshauri apumzike saa za jua kali, akaambiwa jua halikumuuliza yeye lilipotaka kutoka. Kufikia Oktoba hakukuwa na ng'ombe katika wilaya hii ambaye angeweza kuivunja kazi ile. Shangazi Olga alijaribu mchana kweupe, Hilmar akiwa amesimama palepale, akashindwa, akaondoka akijifanya alikuja kula majani.

Ikaja Ijumaa ya kuamkia msimu. Hilmar alikuwa akijaza pipa la mwisho kwenye Malisho ya Mtoni. Alimimina gunia la mwisho, akatoka na magunia matupu kwapani, na kabla hajageuka kufunga lango la uzio akaona gari jekundu limezama mchangani kwenye kivuko. Lilikuwa la Bwana Royce. Hilmar akaweka magunia, akachukua mnyororo, akaenda kumvuta. Kazi hiyo iliwachukua muda, Royce akashukuru, wakaongozana hadi kambini kwa sababu pilipili na maharage vilikuwa mezani. Hilmar akapanda pikapu, akatoa hotuba yake, watu wakaitikia amina.

Jua lilipokuwa likichomoza Jumamosi, mota ya pipa la Malisho ya Mtoni ilijiwasha kama kawaida. Bwana Royce alikuwa kibandani, bunduki mkononi, akitarajia kulungu dume aliyekuwa akimfuatilia kwa miaka miwili. Alichokiona ni Shangazi Olga, akifuatwa na ukoo mzima, wamejipanga ndani ya uzio huku mahindi yakiwanyeshea mgongoni.

Alifika kambini uso mwekundu. Mpishi huyu alikuwa akikaanga mayai.

"Mzee, tangu kulipopambazuka naangalia makalio ya ng'ombe kwa darubini ya bunduki," alimwambia Hilmar.

Hilmar alisimama. Aliuliza paneli ipi imevunjika. Royce akasema hakuna. Akauliza nguzo ipi. Hakuna. Waya? Hakuna waya uliokatika. Lango lilikuwa wazi.

Hapo rangi ya Hilmar ikabadilika. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama kuna mtu mwingine aliyeliona lango lile likiwa wazi. Mkono mmoja ukainuka, wa shemeji yake Royce. Ukainuka mwingine. Karibu wote waliokuwa na vibanda upande ule walikuwa wamepita pale usiku na alfajiri, taa za magari zikilimulika. Mwishowe Royce mwenyewe akainua wake.

"Nililikuta wazi, nikaliacha wazi," alisema. "Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Hakuna aliyecheka, ingawa baadaye tulicheka sana. Hilmar alivua kofia, akaiweka mezani kando ya sahani ambayo hakuigusa. Kwanza alikwenda na Chon kuwatoa ng'ombe na kuwakagua mmoja mmoja. Wachache walikuwa wameanza kuvimba, wakatembezwa mpaka wakapona. Kisha akapanda kilimani kwa Bi Leona, kwa miguu, bado hajanywa hata kahawa. Angeweza kusubiri. Angeweza pia kukaa kimya, kwani hakuna mwindaji hata mmoja aliyekuwa na hamu ya kwenda kueleza kwamba alilipita lango wazi la pipa lake mwenyewe.

Alimkuta barazani akimenya njugu za pekani. Darlene alikuwapo, na ndiye aliyetusimulia. Hilmar alisema kwamba ng'ombe wameingia kwenye mahindi, kwamba lango aliliacha wazi yeye, na kwamba kama kuna wa kuondolewa aondolewe yeye, ng'ombe hawana kosa. Bi Leona alimtazama kidogo.

"Nimesikia," alisema, akaendelea kumenya.

Basi, hakusema zaidi siku hiyo, wala wiki hiyo, wala Krismasi. Hilmar hakuthubutu kumuuliza tena. Alichukulia kimya kile kuwa hukumu. Akaanza kuandaa safari ya ng'ombe bila kumwambia mtu: alilibomoa daraja bovu la kupakilia ng'ombe kwenye tela na kulijenga upya kwa mbao nzito ili wasiumie miguu, akalipaka tela grisi, akabadilisha matairi. Asubuhi alipowapelekea mashudu alikuwa akichelewa kurudi. Chon alimkuta mara moja amemshika Shangazi Olga kwenye pembe, hawaongei wote wawili, akageuza farasi na kupita njia nyingine. Ilituuma sana kumwona vile. Tulimpikia pai ya pichi mara nyingi kuliko ilivyo desturi, naye alikula, lakini hata domino aliacha kujisifia.

Mafanikio yake mengine ni mengi, na tumeombwa tuyataje. Alizima moto wa nyasi uliovuka barabara mwaka wa ukame mkubwa. Alizalisha ndama wengi kwa mikono yake, wakiwamo pacha wawili kwenye mvua ya mawe. Malisho ya kusini aliyasafisha miiba kwa shoka wakati trekta ilikuwa mbovu. Hajawahi kukosa siku ya kazi, isipokuwa harusi yake, na hata hiyo alikuja mchana kuangalia maji.

Sasa mwandishi anafika pale alipoagizwa afike. Wiki iliyopita Bi Leona aliingia jikoni na bakuli lake la pekani, akaketi, akaniuliza kama wasifu umekwisha kuandikwa. Nikamwambia bado kidogo. Yeye, kama mjuavyo, hahutubii, hata kwenye mazishi ya Otto hakusema neno mbele za watu.

"Basi weka humo kwamba ng'ombe wanabaki," aliniambia. "Nilisema wakivunja uzio. Hawajavunja kitu. Walipita langoni kama watu."

Nilimuuliza, kwa heshima zote, kwa nini amemwacha mwenzetu na mzigo huo tangu Novemba.

"Ningemwambia mapema, nani angenijengea lile daraja? Nalisubiri tangu Otto yu hai." Akamenya pekani nyingine. "Tena sikuwa nimemaliza na watoto wangu. Nimewaambia juzi. Wamepiga kelele, wamenyamaza. Mtu aliyepanda kilima kuniletea kosa lake mwenyewe kabla hajanywa kahawa, siwezi kuwauza ng'ombe wake."

Nilimkumbusha kwamba ng'ombe ni wake yeye, Bi Leona. Akasema niandike kama alivyosema.

Wawindaji nao wanabaki. Bwana Royce alisaini mkataba mpya mwanzoni mwa mwezi, akieleza kwamba hawezi kuilalamikia kanuni aliyoitii mwenyewe, na ameahidi kulitilia kila lango la pipa springi ya kulifunga. Chon Tovar anashika kazi kuanzia Jumatatu, na anajua majina ya shangazi wote.

Hilmar, sote tuliomo humu ghalani tulijua isipokuwa wewe, na ndiyo maana umeona watu wanakwepa macho yako tangu tulipokuwa tukila kidari cha nyama kilichopikwa kwa moshi. Tunakushukuru kwa kila nguzo, kila gunia na kila hotuba. Tunawaombea wewe na Darlene afya, mvua ya wakati wake, na miaka mingi kwenye vile viti viwili mkiwa na kitu cha kuangalia. Walioketi jirani na Hilmar wampishe, maana akifika kwenye mstari huu atataka kutoka nje kidogo. Nenda kawaone ng'ombe wako kwanza. Sahani yako nitaifunika.